Waliotia Tembo Maji

Wimbo wa roki unapofia kwenye santuri, lawama humwendea mwimbaji. Watu husema hakuwa na sauti, au maneno yalikuwa mepesi, au bendi ilikuwa imelewa. Fundi aliyeketi nyuma ya kioo, vidole vyake juu ya meza ya kuchanganyia sauti, hatajwi. Jina lake limeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya jalada, na macho ya wasikilizaji wengi hayafiki huko. Katika kurasa hizi nimekusudia kumfuata huko huko aliko. Nimeishi na muziki huu muda wa kutosha kujua kwamba nyimbo nyingi zilizotufikia zikiwa goigoi hazikuzaliwa hivyo. Zilizaliwa na nguvu zao, zikapelekwa studio, zikatoka zimepoa.

Wapo watakaoshangaa mtu wa Tanga kujishughulisha na roki. Nawajibu kwamba sisi tumelelewa na gitaa. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa bendi za mji wetu, na aliyekulia kwenye magitaa ya namna ile halidai gitaa lolote pasipoti. Tena tulizoea kusikia bendi iliyorekodiwa kama bendi: watu wote chumba kimoja, vipaza sauti vichache, wimbo unapigwa mwanzo hadi mwisho, na akikosea mmoja wanaanza upya wote. Kanda za Radio Tanzania za miaka ya 1970 zina makosa yake, lakini hakuna anayeweza kusema kwamba hawasikii wale watu wakipiga pamoja. Sikio langu lilifundishwa hapo, na hapo ndipo ninaposimama ninapolalamika.

Sasa niiweke kesi yangu mezani, nayo ni ya wimbo mmoja.

Bendi ya The Replacements ilitoka Minneapolis, mji wa baridi kali kaskazini mwa Marekani. Walikuwa wanne. Paul Westerberg alitunga nyingi ya nyimbo zao na kuziimba. Bob Stinson alipiga gitaa. Mdogo wake, Tommy, ambaye mwaka 1985 alikuwa hajatimiza miaka 20, alipiga besi. Na Chris Mars alikuwa kwenye ngoma. Sifa yao ilikuwa mbili: kutunga nyimbo za kuumiza moyo, na kupanda jukwaani wamelewa chakari. Mwaka huo wa 1985 walitoa albamu yao ya kwanza chini ya kampuni kubwa, Sire, nayo iliitwa *Tim*. Waliirekodi mjini kwao, katika Nicollet Studios. Aliyepewa usimamizi, prodyuza kama wanavyomwita vijana, alikuwa Tommy Erdelyi, mpiga ngoma wa kwanza katika santuri za Ramones. Simleti kama mjinga, maana hakuwa mjinga. Ni mtu aliyesaidia kuwafundisha wanadamu wa kizazi kizima jinsi ya kupiga haraka na kwa kifupi.

Ndani ya *Tim* umo wimbo uitwao «Bastards of Young». Jina lake nisilifasiri neno kwa neno, kwa adabu. Tuseme unahusu vijana ambao hakuna mzee anayekubali kuwa ni wake. Hawakuachiwa vita vya kupigana wala urithi wa kugombania, hawajui wamtajie nani majina yao. Unaanza kwa gitaa, kisha bendi nzima inaingia pamoja na ukelele wa Westerberg usio na neno ndani yake, ukelele wa mtu aliyebanwa kidole mlangoni. Mwishoni hauishi kwa adabu, bali unaporomoka: magitaa yanavuruma, ngoma zinakimbia huku na huko, kila mtu anaondoka kwa mlango wake. Wimbo wa namna hiyo hauna haja ya kubembelezwa. Unataka kusikika tu.

Haya, sikiliza toleo la 1985. Ngoma za Chris Mars zinasikika kana kwamba zinapigwa nyumba ya pili. Besi ya yule kijana imekonda hata inakubidi uinamishe kichwa kuitafuta. Magitaa yamebanwa pamoja katikati hata hujui lipi la nani. Juu ya yote umemwagwa mwangwi, kama vile bendi imesimama mwisho wa ukumbi mrefu na wewe umeachwa kwenye ngazi za kuingilia. Hakuna kilichopigwa vibaya. Kila kitu kimewekwa mbali.

Kwa msomaji asiyejua kazi hii nieleze kidogo. Studio hairekodi wimbo kama kamera inavyopiga picha. Kila chombo huwa na kipaza sauti chake, pengine zaidi ya kimoja. Ngoma peke yake huweza kuchukua vipaza sauti sita au nane. Kila sauti huingia katika njia yake kwenye kanda. Baadaye, wanamuziki wakiwa wamekwenda zao, fundi huzikusanya njia hizo na kuamua: hii ipande, ile ishuke, hii iwe kushoto, ile kulia, hii ipewe mwangwi, ile ikatwe sauti ya chini. Kazi hiyo ndiyo inaitwa kuchanganya. Kanda ile ile, kwa mikono ya watu wawili tofauti, hutoa nyimbo mbili ambazo mama mmoja hawezi kuapa kwamba zote ni wanawe.

Na katika roki kuna jambo moja lisilosameheka: kuondoa ngoma na besi chini ya wimbo. Ngoma kubwa ya mguu na gitaa la besi ndiyo sakafu. Hasira yote ya mwimbaji, makelele yote ya gitaa, yanasimama hapo. Ukiiondoa sakafu, mwimbaji anayepiga ukelele hageuki kuwa na nguvu zaidi, anageuka kuwa mtu anayelalamika. «Bastards of Young» umetungwa kwa watu wanaopiga mguu chini. Fundi akawaondolea chini penyewe.

Kwa miaka mingi wapenzi wa bendi hii walijifariji kwa maneno ya kila aina. Wengine walisema ndivyo walivyotaka wenyewe. Wengine walisema walikuwa walevi, hawakuweza kupiga barabara, na kwamba ule mwangwi uliwasitiri. Mwezi Januari 1986 bendi hiyo ilialikwa katika kipindi maarufu cha televisheni cha Marekani, Saturday Night Live, ikapiga wimbo huu huu moja kwa moja hewani. Westerberg akaponyokwa na tusi, wakubwa wa televisheni wakakasirika, na habari iliyobaki midomoni mwa watu ikawa ni tusi na pombe. Mimi katika kipande kile nasikia jambo jingine. Nasikia sakafu. Nasikia wimbo ambao santuri ilikuwa imeuficha.

Ipo na filamu fupi waliyoitengeneza kuutangaza. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe, na karibu muda wote inaonyesha spika tu, wimbo ukitoka ndani yake. Mtu mmoja ameketi karibu anavuta sigara na kusikiliza. Wimbo unapokwisha, anaipiga spika teke. Waliitengeneza kwa kejeli, ili kuwakomoa waliowataka wajirembe mbele ya kamera. Lakini kila nikiiona huwa nasema moyoni: huyu bwana ndiye mkosoaji wa kwanza wa mchanganyo ule.

Mwaka 2023 ndipo ushahidi ulipofika. Albamu ilitolewa upya, na kanda mama akapewa Ed Stasium, fundi aliyepata kufanya kazi na Ramones pamoja na Erdelyi huyo huyo. Hakuna aliyeitwa kupiga upya. Haikuongezwa gitaa wala ngoma. Stasium alichukua kilekile kilichopigwa mwaka 1985 na kukichanganya tena. Na tazama: Chris Mars yuko chumbani pamoja nawe, unasikia kijiti kinavyoigusa ngozi ya ngoma. Besi ya Tommy inatembea, tena inatembea kwa ufundi ambao hakuna aliyepata kumsifia kijana yule kwa sababu hakuna aliyepata kuusikia. Gitaa moja limekaa upande mmoja, jingine upande wa pili, na katikati anasimama Westerberg, sauti kavu, bila ule ukungu. Wale «walevi wasioweza kupiga» walikuwa wakipiga pamoja kama vidole vya mkono mmoja.

Nataka msomaji aupime ushahidi huu kwa uzito wake. Mara nyingi tunapogombana juu ya muziki tunagombana gizani. Wewe unasema wimbo ungekuwa mzuri, mimi nasema usingekuwa, na hapana wa kuamua. Hapa tumepata jambo la nadra: watu wale wale, siku zile zile, mapigo yale yale, na tofauti ni moja tu, mkono wa aliyechanganya. Ilichukua miaka 38. Bob Stinson alifariki mwaka 1995, akiwa na sifa ya mlevi aliyefukuzwa kwenye bendi yake. Erdelyi naye alifariki mwaka 2014, hivyo hawezi kujitetea, na kwa sababu hiyo sitamsukumia maneno zaidi ya yale ambayo masikio yangu yananiambia. Wala sisemi kwamba ngoma zingesikika vijana wale wangetajirika. Nasema kwamba walidhulumiwa kazi yao, na dhuluma haipungui kwa kuwa aliyeitenda alikuwa mtu mwema.

Kwa nini watu wema wanafanya hivi? Nimeliwaza sana swali hili, na jibu ninaloliona ni woga. Wimbo mbichi unaogopesha. Kampuni imetoa fedha, fundi ana jina la kulinda, redio ina masharti yake, na mbele yao pana wanaume wanne wanaopiga kelele. Basi kila mtu anatafuta kitu cha kujikinga nacho, na kinga ya karibu ni mtindo wa siku hizo.

Miaka ya 1980 mtindo ulikuwa ni mlio wa ngoma, na historia yake inachekesha. Mwaka 1979, katika studio ya Townhouse jijini London, Peter Gabriel alikuwa akirekodi albamu yake ya tatu. Phil Collins alikuwa kwenye ngoma, na fundi alikuwa Hugh Padgham. Chumbani humo palikuwa na kipaza sauti kilichowekwa ili wanamuziki waweze kuzungumza na fundi, nacho kiliungwa na chombo cha kubana sauti ili neno la mtu aliye mbali lisikike sawa na la aliye karibu. Collins akapiga ngoma kile kipaza sauti kikiwa wazi, na ukatoka mlio wa kutisha, mkubwa kama ghala. Wakaunganisha mtambo wa kukata sauti ghafla, hata mwangwi ule mkubwa ukawa unakatika kama uliofungiwa mlango. Gabriel, ambaye hakutaka matoazi yapigwe katika albamu ile, alijua la kuufanyia: wimbo wake «Intruder» unahusu mtu anayeingia nyumba ya watu usiku, na ngoma zile ndizo hofu yenyewe. Baadaye Collins akautumia kwenye «In the Air Tonight», na hapo pia ulikuwa na kazi.

Baada ya hapo kila mtu aliutaka. Dawa ya mgonjwa mmoja ikawa inanyweshwa mji mzima. Nyimbo za mapenzi, nyimbo za kazi, nyimbo za vijana wa gereji waliokuwa na ngoma nzuri zao wenyewe, zote zikamwagiwa mwangwi. Hata fundi asiyetumia mtambo ule wa Townhouse aliona haya kuacha ngoma ikauke. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alisifiwa London, na maji yakatiwa Minneapolis.

Woga una sura nyingine, na hii inaniuma kuitaja. Metallica walimpoteza mpiga besi wao, Cliff Burton, katika ajali ya basi nchini Sweden, Septemba 1986. Wakamchukua Jason Newsted, na mwaka 1988 wakatoa *...And Justice for All*. Nyimbo zake ni ndefu, zimejengwa kwa mawe makubwa, na mmoja, «One», unahusu askari aliyepoteza viungo vyake na uwezo wa kuona na kusema, akabaki na akili yake tu. Katika albamu nzima besi karibu haisikiki. Flemming Rasmussen, aliyesimamia kurekodi, amesema besi ya Newsted ilirekodiwa na ilikuwa nzuri. Steve Thompson, mmoja wa wawili waliochanganya, amesema hadharani kwamba agizo la kuishusha lilitoka kwa mpiga ngoma, Lars Ulrich. Wengi wameona ndani yake msiba: mgeni aliyeketishwa kwenye kiti cha marehemu, na wenyeji wasioweza kuvumilia kumsikia. Mimi si mganga wa nafsi. Najua tu kwamba askari wa «One», aliyenyimwa kila kitu, amenyimwa na sakafu pia. Na ilipotolewa upya mwaka 2018 iling'arishwa tu, mchanganyo wenyewe haukuguswa. Msinijibu kwamba iliuza mamilioni. Watu walinunua nyimbo. Zilikuwa kubwa kiasi cha kuishi hata baada ya kukatwa miguu.

Bendi hiyo hiyo ilirudia kwa namna nyingine mwaka 2008. *Death Magnetic* ilibanwa na kupandishwa sauti mpaka kilele cha kila mlio kikakatwa, na chote kikawa kelele moja iliyolala sawa, bila mahali pa kupumua. Wasikilizaji waligundua kwamba nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero zilikuwa na uhai zaidi kuliko kwenye diski waliyoinunua. Mchezo wa watoto ukaishinda studio! Sina la kuongeza.

Sasa wapinzani wangu. Mkubwa wao huniletea «The Long and Winding Road». Wimbo huu wa Paul McCartney ulirekodiwa na Beatles tarehe 26 Januari 1969: piano, gitaa, ngoma, kinanda cha Billy Preston, na John Lennon kwenye besi, akikosea mara kwa mara kwa sababu si chombo chake. Tarehe 1 Aprili 1970, McCartney akiwa hana habari, Phil Spector akaurundikia vinanda vya nyuzi, kinubi, tarumbeta na kwaya ya wanawake. McCartney alipousikia aliandika barua ya kudai vitu vile vipunguzwe. Hawakumsikiliza, na baadaye alilitaja jambo hilo katika kesi yake ya kuuvunja ushirika wa bendi. Basi, husema wapinzani wangu, mbona wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Marekani Juni 1970? Na tena, mbona hujali makosa ya besi ya Lennon? Je, Spector hakusitiri aibu?

Najibu la pili kwanza, maana ndilo lenye utamu. Tarehe 31 Januari 1969, siku tano tu baada ya ile ya kwanza, Beatles waliupiga tena wimbo huo, na wakaupiga vizuri zaidi. Ndio uliotumika mwaka 2003 walipotoa *Let It Be... Naked*. Kwa maneno mengine, tiba ya besi mbaya ilikuwapo kabatini, ndani ya kanda, haigharimu hata shilingi. Badala ya kulifungua kabati, wakaita kwaya. Hapa ndipo ninapomkamata fundi shati: shida yake haikuwa kukosa njia, ilikuwa kutouamini wimbo. Ama nafasi ya kwanza, mwaka 1970 Marekani ilikuwa inaomboleza Beatles, na ingenunua hata McCartney akikohoa. Pengine ninatia chumvi. Lakini kidogo.

Mpinzani wa pili ni mpole, naye nampa haki yake. Husema: je, wewe hutaki studio kabisa? La hasha. «Tomorrow Never Knows» ya mwaka 1966 haikuweza kuwako nje ya studio. Vipande vya kanda vilivyounganishwa duara, sauti ya Lennon iliyopitishwa kwenye spika inayozunguka, ngoma ya Ringo Starr iliyojazwa sweta ndani na kusogezewa kipaza sauti karibu kuliko sheria za studio zilivyoruhusu: hayo yote ni ufundi, na ufundi huo uliufanya wimbo uwe vile ulivyotaka kuwa. Tena angalia kwamba katika kelele zote zile ngoma na besi zimesimama mbele, imara, kutoka mwanzo hadi mwisho. Waliokuwa chumbani mle walijua sakafu iko wapi. Na upande wa pili yuko Bruce Springsteen, ambaye Januari 1982 alijirekodi nyumbani New Jersey kwa kinasa kidogo cha kaseti cha njia nne, akajaribu nyimbo zile studio na bendi yake kubwa, akaona zinafifia, akaitoa kaseti yenyewe iwe albamu: *Nebraska*. Yule aliongeza kila kitu na huyu hakuongeza chochote, na wote walikuwa sawa, kwa sababu wote waliuliza wimbo kabla ya kuuliza mtambo.

Ningeishia hapo kama jambo hili lingekuwa la Wamarekani na Waingereza peke yao. Lakini dada yangu ameolewa Nairobi, na Nairobi pana vijana wanaopiga roki, hawako wengi, lakini wapo, na mmoja wao ni mpwa wangu. Bendi yao ni watu wanne. Niliusikia wimbo wao kwa mara ya kwanza nyuma ya nyumba ya dada, amplifaya moja ikitumiwa na magitaa mawili, mpiga ngoma akiwa amefunga taulo juu ya ngoma kwa ajili ya majirani. Ulikuwa wimbo wa Kiswahili juu ya rafiki yao aliyekwenda Ghuba kufanya kazi na ambaye simu zake zilikatika. Kibwagizo chake hakikuwa na maneno mengi. Kabla ya kukifikia, bendi nzima ilinyamaza kwa mapigo mawili. Wale majirani, waliokuja kulalamika, walisimama ukutani na kunyamaza nao.

Walichanga fedha miezi saba wakaenda studio, nami jina la studio siliandiki. Fundi alikuwa kijana mwerevu, mwenye mashine nzuri. Aliwaambia ngoma yao haijatulia, akaiondoa akaweka ya kompyuta. Aliwaambia sauti ya mpwa wangu inapanda na kushuka, akainyoosha. Na ule unyamavu wa mapigo mawili aliuona ni kasoro, akaujazia mlio wa kupanda kama ndege inayoruka, kwa sababu, alisema, redio haipendi ukimya. Mpwa wangu aliniletea wimbo kwenye simu yake. Tuliusikiliza hadi mwisho.

«Mjomba, waonaje?»

«Nani anaimba?»

Akacheka, lakini si kicheko. «Hata mama ameuliza hivyo hivyo.»

Hapa ndipo hasira yangu inapotoka, na msomaji aniwie radhi kama imepanda kupita kiasi kwa ajili ya ngoma za Chris Mars. The Replacements walingoja miaka 38, lakini walikuwa na kitu cha kungojea: kanda mama ilikuwa imehifadhiwa ghalani, kila chombo kwenye njia yake, ikisubiri mtu mwenye masikio. Mpwa wangu hana kanda. Ana wimbo mmoja uliokwisha kuchanganywa, ndani ya simu. Ngoma ya rafiki yake, ile iliyofungwa taulo, ilirekodiwa siku ya kwanza kabla ya kubadilishwa. Sauti yake mwenyewe, kabla ya kunyooshwa, ilirekodiwa pia. Wimbo ule wa nyuma ya nyumba ulikuwamo ndani ya kompyuta ya mtu yule, ukiwa mzima.

Nikamwambia aende akazidai njia zote, moja moja, jinsi zilivyopigwa, hata kama ni kwa kulipia diski ya kuzibebea. Kwa bendi yoyote changa, nilimwambia, hilo liandikwe kwenye karatasi kabla ya kutoa senti ya kwanza: mchanganye mnavyotaka, lakini tulichokipiga ni chetu na tunaondoka nacho. Alikwenda na mpiga ngoma wake siku ya Jumamosi. Yule fundi aliwapokea vizuri, akawapa soda, akafungua kompyuta na kutafuta. Kisha akawaeleza kwamba nafasi ilikuwa imejaa, na kwamba kazi iliyokwisha kulipwa huwa anaifuta kila mwisho wa mwezi.